Harufu Aliyozaliwa Nayo Binti Yangu

Binti yangu hawezi kukaa karibu na petroli. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila nikijaribu kulifikia polepole najikuta nimejaza karatasi kwa habari za Kismayo na bado sijafika. Hawezi. Ukifungua kifuniko cha dumu karibu naye, mikono yake inapoa kama samaki aliyelazwa kwenye barafu, koo linambana, na asipopata pa kukimbilia anaanguka. Mimi ni hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua nilikoipata hali hii, naye hakuwapo. Alikuwa bado hajazaliwa, na mama yake nilikuwa sijamjua.

Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani, kisha shule mpaka darasa la nne, hapo vita vikaifunga. Sina haki ya kusema kitu kuhusu mbegu ya mwanadamu. Nitaandika niliyoyaona, na niliyoambiwa nitataja aliyeniambia.

Nilikuwa kijana, ndevu bado, tulipotoka Kismayo kukimbilia Kenya kwa chombo cha mizigo. Juu palijaa, wengine tukateremshwa chini, kwenye ngama, tumbo la chombo, pamoja na mapipa ya petroli. Mwenye chombo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameyapakia kabla vita havijafika bandarini na hakupata nafasi ya kuyashusha. Bahari ikachafuka, maji yakaanza kuingia, mabaharia wakatufunika kwa turubai ili tusizame. Nao pia naona walifanya sawa, maana wasingefunika tungezama sote. Pipa moja likawa linavuja.

Petroli ukiivuta sana huacha kuwa harufu. Inakuwa tamu, halafu kichwa kinakuwa chepesi, halafu unataka kulala. Mama yangu tulikuwa tumempa mahali pa chini kabisa, kwa heshima, kwa sababu ndipo mtu angeweza kunyoosha miguu. Mvuke ule ni mzito, unakaa chini. Turubai lilipofunuliwa, waliolala chini hawakuamka. Mimi nilikuwa nimebandika pua kwenye ufa wa ubao, maji ya chumvi yananirukia usoni. Si kwa ujanja. Watu walikuwa wamenibana pale.

Baada ya miaka ya kambi na Mombasa nilirudi kwa njia ya nchi kavu, nikavuka kwa tanga hadi kisiwa cha Koyama, nikaoa. Hatukudumu. Tuliachana kwa wema, binti akiwa bado ananyonya, nikarudi Mombasa kushona nyavu. Sikumlea. Nilipohamia tena Kismayo alikuwa mwanamke mzima, na mara ya kwanza kumtia machoni tena ilikuwa siku ya nikahi yake. Nilikwenda Koyama, kwa tanga, kwa sababu mimi ndiye walii, haikufaa mwingine aoze nami ni hai.

Kwetu, kabla ya kuoza, walii huingia chumbani na mashahidi wawili kumtaka bibi harusi idhini. Msichana amekaa kitandani, amefunikwa leso gubigubi. Anaulizwa. Akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini, maana ana haya. Wengi hunyamaza, na walii akatoka ameridhika.

Shahidi mmoja alikuwa nahodha wa faiba, zile boti nyepesi za mashine, aliyewaleta watu wa bwana harusi. Alikuwa ametoka kujaza tangi, na kikoi chake kimelowa ubavuni. Aliingia nyuma yangu, nami nikaisikia kabla sijafungua mdomo. Nikajikaza, nikauliza lile la kuuliza. Kimya.

"Alhamdulillahi, amekubali," akasema shahidi wa pili. "Twendeni, wachu wangoja."

Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele. Lakini mikono ya binti ilikuwa imetokeza chini ya leso. Ilikuwa ya hina, imepambwa vizuri, na vidole vimejikunja kwa ndani kama vya kaa aliyekufa. Mikono ile naijua. Ilikuwa sawa na yangu, niliyokuwa nimeificha wakati ule ule ndani ya mifuko ya kanzu.

"Ngojeni," nikasema.

"Wangoja nini, mzee? Wataka aimbe?"

Wakacheka. Nikamwomba yule nahodha atoke nje.

"Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Kikoi chako kina petroli."

"Petroli hiyo ndiyo iliyomleta bwana harusi," akasema, na kicheko kikazidi, lakini alitoka bila kinyongo. Nikafungua dirisha. Tulikaa vile, mimi na yule shahidi mwingine, mpaka leso ikaanza kupanda na kushuka.

"Baba," akaniita. Alikuwa hajawahi kuniita. "Nimekubali. Nilitaka kusema kwa mdomo wangu, nikashindwa. Ni ile harufu."

Nikaleta shahidi mwingine, nikamwoza. Mume wake ni mtu mzuri, sina la kusema juu yake.

Baada ya wageni kula nilimtafuta mtalaka wangu. Alikuwa uani anasugua masufuria kwa mchanga.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu kutambaa. Mafuta ya taa hayamtendi kitu, ni petroli tu. Tumemsomea, tumemnywesha kombe la aya za Kurani, hapana. Pwani faiba zikijazwa, yeye huzunguka nyuma ya msikiti."

"Ulimwambia habari za mama yangu?"

Aliacha kusugua. "Wewe mchu, uliniambia nini mimi hata nimwambie? Uliniambia mamako alikufa safarini. Mimi miaka yote nikijua amezama."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kumsimulia mtu habari za mapipa. Nikamwambia wakati ule, nimesimama, maneno machache. Alisikiliza, kisha akamwaga maji machafu karibu na miguu yangu.

"Basi ni lako."

"Sijui."

"Nyumba hukumwachia, mashua hukumwachia. Afadhali umemwachia kitu."

Nilistahili neno lile. Lakini njiani nilipima upande wa pili. Nilikaa na mtoto yule alipokuwa ananyonya. Nilimbeba. Mashine zilikuwa chache wakati huo, lakini zilikuwapo. Huenda siku moja harufu ilipita nami nikatetemeka, naye yuko kifuani, akajifunza woga kwenye mikono yangu kama mtoto anavyojifunza joto na baridi. Mtoto hasemi, lakini hasahau. Na tena, watu wengi hawapendi petroli. Nawajua wawili tulionusurika nao katika ngama ile. Mmoja watoto wake wanauza mafuta barabarani na wala hawapigi chafya. Sikuweza kulificha hilo ili hadithi yangu ikae sawa.

Mwana wa dada yangu yuko Ulaya. Alipelekwa kutoka kambini akiwa mdogo, akasoma, na kazi yake ni ya maabara. Analisha minyoo. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikimweleza yote, akanipigia.

"Minyoo yangu ni midogo kuliko punje ya mchanga, mjomba. Na hula kwa wakati kunipita mimi."

Nikamwuliza kama kitu kilichompata baba kabla hajaoa kinaweza kumfuata mtoto. Akanieleza, naandika kama nilivyofahamu. Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndefu, kromosomu, ambazo ndimo yalimoandikwa maumbile ya mtu. Uzi ule haukai wazi. Umezungushwa kwenye vigololi vidogo vya protini, zungusho juu ya zungusho. Palipobanwa hapasomeki, palipolegezwa panasomeka. Njaa, hofu na ugonjwa vinaweza kubana hapa na kulegeza pale, bila kugusa herufi hata moja.

"Kama mshipi kwenye kibao," nikasema.

"Mshipi gani, mjomba?"

"Wa kuvulia. Ukikaa miaka umezungushwa kwenye kibao, siku ukiutupa majini unashuka na mapindi ya kibao. Mshipi ni ule ule. Ni mapindi tu."

Akacheka. "Huo nitakuibia."

Kisha akasema mwili unapotengeneza mbegu ya kiume, au yai la mwanamke, hunyoosha mapindi karibu yote na kuzungusha upya, ili mtoto aanze na mshipi ulionyooka. Ndivyo walivyofundishwa zamani. Lakini hayanyooki yote. Kuna mahali pindi hubaki, likapita ndani ya mbegu. Katika minyoo anaona kwa macho yake: bibi akipata njaa, wajukuu waliozaliwa katika shibe wanaishi kama wenye kuiogopa njaa. Hata katika panya imeonekana, hata kwa upande wa baba peke yake, baba aliyeondolewa kabla watoto hawajazaliwa.

"Na watu?"

"Na watu sijui."

"Hujui wewe au hawajui wenzako?"

"Sote. Mtu humfungii kwenye sanduku umtazame vizazi vitatu, mjomba. Kila mtu analelewa na mtu. Atakayekuambia anajua, mwulize amejuaje."

"Lakini huisha?"

"Kwa minyoo, mara nyingi hufifia. Mara nyingine haififii. Na katika watoto wa mama mmoja, huyu anayo na huyu hana."

Nilikata simu nina uchungu naye, na haikuwa haki. Nilitaka anitwishe au anitue. Yeye akaniambia kweli tu.

Kisha binti akashika mimba. Ilipokuwa kubwa mkunga wa Koyama alimpapasa akasema mtoto amekaa kitako, kichwa kiko juu, ingefaa azalie hospitali Kismayo. Mkwe wangu akanipigia simu. Hakuwa na haja ya kunieleza tatizo. Koyama ni kisiwa, kutoka ni kwa maji, na karibu kila kinachokwenda Kismayo siku hizi kina mashine. Vihori vya kupiga kafi havimbebi mwanamke mwenye mimba kubwa mwendo ule.

Nikatafuta Kismayo chombo cha tanga. Kilichobaki cha kutosha kilikuwa kimoja, mashua ya mtu anayepeleka unga na sukari visiwani. Mwenyewe aliniambia wazi.

"Petroli nimebeba, sikufichi. Nilikuwa nawapelekea wenye faiba. Lakini ni muda sasa sijabeba hata kikombe."

Tuliisugua kwa mchanga na maji ya bahari. Kisha akaipaka sifa, mafuta ya ini la papa, ubao kwa ubao, na kwa makusudi akapaka nyingi ndani, kwa sababu sifa inashinda harufu yoyote. Alfajiri ya safari tulipiga magoti, mimi, yeye na baharia wake, kila mtu akashusha pua yake mpaka chini ya ngama. Tulisikia papa tu. Baharia akatapika kidogo. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyepewa kitu.

Siku ile mawingu hayakufunguka, tukafika Koyama bila jua, tukalala. Uchungu ukamwanza kabla ya siku iliyotarajiwa, alfajiri iliyofuata, na sisi tuko pale tayari, na wote tukasema ni bahati. Walipanda mama yake, mkunga na mumewe. Binti alipoingia alishika pua akacheka.

"Baba, mtoto atatoka akidhani dunia yote ni papa."

"Akizoea hilo hatasumbuliwa na kitu," akasema mkunga.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Uchungu ulikuja ukaenda, mama yake anamkanda kiuno. Jua likapanda. Mbao zikapata moto. Nami nikaisikia.

Ilikuwa ndogo, kama mtu aliyepita na dumu mbali. Nikamtazama binti, nikiomba awe hajaisikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Baba, umeisikia?"

"Nimesikia nini?"

"Usinifiche."

Kisha ikaja yenyewe, kutoka chini ya mguu wa mlingoti, ikitoka ndani ya ubao na sifa imeikalia juu. Mbao zilikuwa zimeinywa miaka ile ya kubeba, zikaificha asubuhi kwenye baridi, jua likaitoa. Mwenye mashua alipiga magoti akanusa, akainuka uso umemwanguka. "Wallahi sijabeba," akawa anasema, "wallahi sijabeba." Nami nashuhudia kwamba hakusema uongo, si siku ile wala kabla yake.

Binti alijaribu kuruka majini. Mumewe alimshika. Tukageuza tukaingia kisiwa cha Fuma, pale wavuvi wanapopiga dago lao, kambi ya vibanda vya makuti na nyavu zimeanikwa. Tulimteremsha kwenye mchanga akapata pumzi. Na pale palikuwa na faiba.

"Kwa hii tunafika Kismayo jua halijawa utosini," akasema mkwe wangu. Alisema akiitazama bahari, si mkewe.

Mtalaka wangu alinitazama, kana kwamba mimi ndiye mwenye kauli. Sikuwa nayo. Nilijua ni nini tunachotaka kumtia ndani yake, kuliko wote waliokuwapo, na nilijua pia kwamba kule kuna daktari na hapa kuna makuti. Nilipoteza muda nikiwaza. Aliyesema ni binti mwenyewe.

"Nifungeni."

"Mwanangu..." akaanza mama yake.

"Nifungeni, nisiruke. Mnishike, mwende."

Wakamfunga kwa leso kwenye benchi ya katikati, mama yake huku na mkunga huku, kitambaa cha marashi puani. Mwenye faiba alikwenda nyuma mwisho kabisa kutia mafuta, akakaa upande ambao upepo unaipeleka harufu mbali, akafungua kifuniko kwa taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Mimi nilikuwa majini nimeshika ubavu wa boti. Binti alikakamaa mgongo ukawa upinde. Pumzi ikakata. Midomo ikageuka rangi.

"Mfungueni!" mkunga akapiga kelele. "Anambana mtoto! Mfungueni!"

Leso imelowa, kifundo hakifunguki. Mumewe akakiuma kwa meno mpaka kikaachia.

Alizaa katika kibanda cha dago, juu ya tanga lililokunjwa. Sisi wanaume tulikaa nje. Mwili ulitoka, kichwa kikabaki. Kilipotoka kulikuwa hakuna haja tena ya haraka. Alikuwa msichana, mzima wa viungo vyote. Tulimzika pale Fuma, juu ya mahali maji makuu ya bamvua yanapofikia, baba yake akamteremsha. Hakuwa amelia, kwa hiyo hakusaliwa kama mkubwa, ila tulimwosha, tukamvika kipande cheupe, na mkwe wangu akampa jina kwa sauti ya chini. Sikulisikia, na sikuuliza.

Mkunga aliniambia siku za baadaye, bila mimi kumwuliza, kwamba hata hospitali watoto wa kitako hufa. Naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini na yeye alisema akitazama pembeni.

Binti alipopata nguvu ya kukaa aliniita. Tulikuwa tumerudi Koyama usiku, mbao za mashua zikiwa zimepoa, nami sikwenda tena Kismayo. Tangu siku ile nimekaa Koyama, nyavu zinanifuata huku.

"Mama anasema ni lako hili."

Nikamsimulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema yote kwa mpango, chombo, mapipa, turubai, ufa. Nikamwambia na habari za minyoo na mapindi, na kwamba mwenye kujua amesema hajui. Nikamwambia na juu ya yule mwenzangu ambaye watoto wake wanauza mafuta.

Kisha akauliza:

"Bibi alikuwa amelala chini?"

"Ndiyo. Tulimpa nafasi nzuri."

"Mlidhani nzuri."

"Tulidhani."

"Hata alipoanza kuwa mwepesi kichwa, hakusema kitu?"

"Alisema amepata usingizi hatimaye. Alishukuru."

Akaligusa koo lake. Hakulia. Alisema, "Mimi sipati usingizi. Mimi hunibana hapa."

"Nami hunibana hapo hapo."

Nilipomweleza mpwa wangu kwamba nimekwisha kumsimulia, alishusha pumzi kwenye simu. "Basi mjomba, hatutajua tena. Akipata mtoto mwenye hali hiyo, utasema amerithi au amesikia?" Sikuwa nimeliwaza. Lakini binti alikuwa ameuliza, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu.

Sasa ana mimba tena. Alilolisema la kwanza, kabla ya kumwambia mtu habari za kichefuchefu, ni hili: "Sitaki kufungwa tena." Ameamua atakwenda Kismayo mapema, kwa faiba, amekaa mwenyewe. Nilimtajia mashua nyingine, akanitazama tu. Mbao ngapi nitazinusa?

Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri mumewe anapeleka dumu pwani, analisimamisha mchangani, anafungua kifuniko, anaondoka. Sisi wawili tunakaa upande upepo unakotoka. Siku za mwanzo tulikaa mbali, dumu likionekana kama kidole gumba. Sasa tumesogea. Mkunga hapendi. Anasema mwanamke mwenye mimba hatafuti kitisho kwa hiari, na sina hoja ya kumshinda. Nililipeleka hilo kwa mpwa wangu pia: akitetemeka pale na mtoto yumo tumboni, hatumpi mtoto lile lile tunalotaka kumwondolea mama? Akaniambia kitu ambacho bado kinaniamsha. Mtoto akiwa wa kike, mayai yake huanza kuumbwa humo humo tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo pale mchangani huenda tunakaa vizazi vinne. "Na jibu?" nikamwuliza. "Sina, mjomba. Asipojizoeza atavukaje?"

Juzi mumewe aliliweka dumu akaenda, akachelewa kurudi kulifungua. Tukakaa tukingoja, na mimi nikahisi mikono inaanza. Nikainuka.

"Wapi?" binti akauliza.

"Kutia udhu."

"Udhu wa nini, tumetoka kusali sasa hivi. Rudi, baba. Kifuniko hakijafunguliwa."

Nikatazama. Kweli kilikuwa kimefungwa. Hakukuwa na harufu yoyote pale isipokuwa mwani. Akanicheka, kicheko cha mama yake kabisa, cha mtu anayemwaga maji karibu na miguu yako. Nikarudi nikakaa, nimeaibika, nikimwambia ni uzee.

"Si uzee. Ni lako."

Kisha hakumngoja mumewe. Aliinuka kwa kujishika kiuno, akalifuata dumu mwenyewe, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akafungua. Akakaa pale pale alipofungulia. Nilimfuata nikamshika mkono, nao ulikuwa baridi tayari, na wangu baridi, sikuweza kusema wa nani ulikuwa ukitetemeka. Nilijitahidi. Wallahi nilijitahidi. Nikauachia, nikakimbia mpaka kwenye nyavu, nikatapika, nikageuka nikidhani nitamwona ameanguka.

Alikuwa bado amekaa, mkono mmoja kooni na mwingine tumboni, uso ameuelekeza kwenye dumu.